Nyumba Yetu na Mikono Yetu

Leo hatukuja na habari za mbali. Twataka kuzungumza juu ya nyumba ya mtu wa kawaida, mwenye mke na watoto, mwenye shamba dogo au mshahara mdogo, naye hutazama chumba chake akaona ya kwamba vitu vingi vimepungua, na fedha ya kuvinunulia haipo.

Mtu wa namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kukaa vivyo hivyo, watoto walale chini na moshi ujae jikoni mwaka hata mwaka. Ya pili ni kukopa. Ya tatu ni kutengeneza kwa mikono yake. Sisi tumezijaribu zote tatu, na kwa hiyo twaweza kuzisema bila kubahatisha.

Zamani kidogo tulichukua kitanda dukani kwa mkopo. Kilikuwa kizuri kwa macho, kimepakwa rangi ya kung'aa, nasi tulikichukua kwa furaha kwa sababu mtoto wetu wa pili alikuwa akilala juu ya mkeka, na kila majira ya mvua kifua kilimbana. Tuliahidi kulipa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Mwezi wa sita miguu ililegea. Mwezi wa nane ubao mmoja ulipasuka. Nasi tukaendelea kulipa deni la kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Mtoto alirudi mkekani. Miezi miwili ile ya mwisho ilituuma kuliko yote iliyotangulia, maana mtu hulipa kwa moyo mzito kwa kitu ambacho hana tena. Ndipo tulipomwendea mzee mmoja fundi wa kijijini kwetu, tukamwomba atufundishe. Na hayo tuliyojifunza kwake, na mengine tuliyoyapata baadaye, ndiyo tutakayowaeleza.

Tutasema mambo manne: kuta, kitanda, kapu la kupikia, na vyungu vya kupozea mboga. Yapigeni chapa moyoni, au someni tena ukurasa huu siku mtakapoanza kazi.

KUTA NA CHOKAA

Twaanza na kuta, kwa kuwa haifai kuingiza kitu kipya katika chumba ambacho kuta zake zinamwaga vumbi. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kwanza ziba nyufa. Chukua udongo ule ule uliojengea nyumba, uchanganye na mchanga ili usipasuke ukikauka, uloweshe, ukandike penye ufa, kisha ulainishe kwa kiganja. Udongo mtupu hujikunja unapokauka na ufa hurudi. Mchanga ndio unaouzuia. Acha pakauke kabisa.

Kisha tia chokaa. Chokaa si rangi tu. Ni jiwe la chokaa, au matumbawe kama ilivyo desturi ya pwani, lililochomwa katika tanuri hata likageuka, kisha likazimwa kwa maji. Ukiipaka ukutani, huvuta hewa ile ile ya ukaa iliyotoka wakati wa kuchomwa, ikarudi polepole kuwa jiwe. Hii ndiyo sababu chokaa iliyopakwa vizuri hushika, wala haitoki upesi kwa mkono kama unga.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile ambayo haijazimwa huchemka kwa nguvu inapokutana na maji, nayo yaweza kumtia mtu upofu. Mwachie fundi anayeijua. Hata iliyozimwa huunguza macho na ngozi, basi watoto wadogo wakae mbali, na mwenye kuikoroga asiinamishe uso juu ya debe. Ikimrukia mtu jichoni, mwosheni mara moja kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha mpelekeni kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Ichekeche, uikoroge na maji hata iwe nyepesi kama maziwa, wala si nzito kama uji. Tia chumvi kidogo, ili isikauke mbio na ishike vyema. Nyunyizia ukuta maji kwanza, maana ukuta mkavu huyanywa maji ya chokaa, nayo hubaki unga. Paka mkono wa kwanza, uache siku moja; paka wa pili, uache siku moja; kisha wa tatu. Wengi hukosea hapa: hutaka kumaliza kwa siku moja, wakapaka mara moja kwa unene, na baada ya mwezi chokaa hubanduka kama maganda. Mikono mitatu myembamba hushinda mmoja mnene. Na kwa brashi, kata kipande cha kumbi la nazi, uponde ncha yake kwa jiwe hata nyuzi zifunguke. Haigharimu hata senti.

Chumba kilichopakwa chokaa huwa na mwanga. Kijana asomaye jioni huona maandishi yake kwa taa ndogo, kwa kuwa ukuta mweupe huurudisha mwanga, ambapo ukuta mweusi huumeza.

KITANDA CHA KAMBA

Sasa tuje kwenye kitanda. Kitanda cha kamba ni cha kwetu tangu zamani, na kila sehemu yake ina jina. Miguu huitwa matendegu, nayo ni manne. Miti miwili mirefu ya ubavuni ni mifumbati. Miti miwili mifupi, ya kichwani na miguuni, ni vitakizo. Basi kitanda kizima ni miti minane na kamba. Hakihitaji msumari hata mmoja.

Kipimo ni hiki. Mfumbati uwe mikono minne, na kitakizo mikono miwili. Mkono tunaousema ni dhiraa, tangu kiko hata ncha ya kidole cha kati, nao ni kadiri ya sentimita 45. Juu ya vipimo hivyo ongeza vidole vinne kila upande kwa ajili ya ulimi utakaoingia katika tendegu. Tendegu liwe mkono mmoja na zaidi kidogo, ili mtu aweze kufagia uvunguni bila taabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna sababu ya kumlaza kifudifudi.

Jambo kubwa kuliko yote ni mti mkavu. Sisi hatukulijua. Tulikata miti siku ya Jumamosi, na Jumapili tukaanza kuchonga, kwa haraka ya kumwondoa mtoto mkekani. Mzee alitutazama, akasema, "Wanangu, mti huu bado unakunywa maji. Utakapokauka utapungua, na ulimi utacheza katika tundu lake." Hatukumsikiliza. Baada ya wiki tatu kitanda kiliyumba kama ngalawa. Tukakifungua, tukaiweka miti kivulini, imeinuliwa juu ya mawe, pahali penye upepo, kwa miezi minne. Kisha tukachonga ndimi mpya. Kitanda hicho kiko nyumbani kwetu hata leo. Basi kata mti wako sasa, ukaushe kivulini, wala usiuanike juani, maana jua huupasua.

Toboa matundu katika tendegu kwa kekee, uyasawazishe kwa patasi. Tundu la mfumbati na tundu la kitakizo yasikutane ndani ya tendegu; moja liwe juu kidogo kuliko jingine, la sivyo tendegu litakuwa tupu katikati na litavunjika hapo. Ulimi uingie kwa kugongwa, wala usiingie kwa kusukumwa na kidole. Ukiingia kwa wepesi, umechonga mno.

Kisha kuwamba. Pwani watu hutumia kamba ya makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa penye maji ya bahari kwa miezi mingi hata nyama yake ioze na nyuzi zibaki, kisha hupondwa, huoshwa, huanikwa, na kusokotwa. Bara watu hutumia kamba ya katani. Mkonge wenyewe si mmea wa asili yetu. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, naye alikuwa ameagiza miche 1,000, lakini iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika hiyo michache yalitoka mashamba makubwa ya Tanga. Kamba ya katani ina nguvu, lakini haipendi kulowana mara kwa mara.

Itakupasa kununua kamba kiasi gani? Hapa vijana wa shule watusaidie. Tuseme nyuzi zipitane kwa nafasi ya vidole viwili. Kwa urefu wa mikono minne tutapata mapito 44 hivi ya kukata upana. Kila pito ni mikono miwili ya upana, na nusu mkono ya kuzunguka mti na kurudi, jumla mikono 2 na nusu. Mara 44, ni mikono 110. Kisha mapito ya kwenda kwa urefu: upana wa mikono miwili hutoa mapito 22, na kila moja ni mikono 4 na nusu, jumla mikono 99. Zote pamoja ni mikono 209, yaani kadiri ya mita 94. Nunua mita 100 na kidogo, kwa ajili ya mafundo. Mtu asiyepiga hesabu hii hununua pungufu, akaunganisha kipande cha kamba nyingine. Na kamba mbili zisizolingana huvutika mbalimbali, kitanda kikaingia bonde upande mmoja.

Anza na mapito ya upana. Kila pito likaze kwa nguvu, huku mwenzako ameshika lile lililotangulia lisirudi nyuma. Hii si kazi ya mtu mmoja. Ukimaliza upana, pitisha kamba ya urefu, juu ya moja na chini ya moja, na mstari unaofuata ugeuze, chini ya moja na juu ya moja, kama mtu asukaye mkeka. Kamba mpya hulegea katika siku za kwanza. Usihuzunike, ndiyo tabia yake. Baada ya wiki moja, fungua ncha, uikaze pito kwa pito, ufunge tena. Ukifanya hivyo mara mbili, kitanda hutulia.

Mwisho, kunguni hupenda mafundo ya kamba. Kila mwezi toa kitanda juani, ukigeuze, umwagie maji yanayochemka kwenye maungio, ukiache kikauke vizuri kabla ya jua kuchwa. Na kwa mchwa, weka kila tendegu juu ya jiwe bapa, ili njia yao ya udongo ionekane mapema. Watu wengine hutia miguu ya kitanda katika mikebe ya maji. Sisi hatuwashauri hivyo, kwa kuwa mbu huzaa humo, nawe utakuwa umewafuga chini ya mtoto wako. Afadhali faida ya kitanda iwe hii, ya kwamba chandarua sasa kina pahali pa kuchomekwa pande zote.

KAPU LA KUPIKIA

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hulicheka wanapolisikia mara ya kwanza. Twasema ya kwamba chakula chaweza kuiva bila moto, ndani ya kapu. Hatusemi uchawi. Sikilizeni kwanza.

Mtu akijifunika blanketi usiku, hupata joto. Je, blanketi lina moto ndani yake? Hasha. Joto ni la mwili wake mwenyewe. Blanketi huzuia lisitoke, kwa sababu ya hewa iliyonaswa katika nyuzi zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa wepesi. Basi sufuria iliyochemka, ukiifunika vyema namna hiyo, haipoi upesi, na chakula kilichomo huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya mji wa Paris, watu walionyeshwa sanduku la kupikia la namna hii lililotoka Norway. Na wakati wa vita vya mwaka 1939 hata 1945, makaa na gesi vilipokuwa haba, akina mama wa Uingereza walishauriwa kupika kwa masanduku yaliyojazwa majani makavu. Siku hizi katika Kenya na Tanzania viko vikundi vya wanawake wanaoyatengeneza na kuyauza. Lakini ya kutengeneza nyumbani hushinda kwa bei.

Chukua kapu imara la ukindu au la matete, lenye nafasi ya kuingia sufuria yako na kubaki shubiri nusu, yaani kadiri ya sentimita 10, kila upande. Chini tandaza sufi, au pamba kuukuu, au majani makavu ya mgomba yaliyochanwachanwa, unene ule ule wa shubiri nusu, uliokwisha kushindiliwa kidogo. Weka sufuria katikati. Jaza pande zote kwa vitu hivyo hivyo hata ukingoni. Kisha toa sufuria taratibu, ushone kitambaa cha kufunika ndani yote, ili sufi isiingie chakulani na ili shimo lishike umbo la sufuria. Mwisho shona mto mnene, ujaze sufi, uwe wa kukaa juu na kuziba mdomo wote wa kapu. Mto ndio mlango. Ukiwa mwembamba, kazi yote imepotea, maana joto hupenda kutokea juu.

Namna ya kupika ni hii. Chemsha chakula jikoni kama kawaida, sufuria ikiwa imejaa si chini ya theluthi mbili, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi. Kikichemka kwa muda uliowekwa, funika kwa kifuniko kilichokaza, pangusa masizi, usimame na sufuria moja kwa moja hata kapuni, bila kuzungumza na mtu njiani. Funika kwa mto. Na baada ya hapo usifunue! Kila ukifunua kutazama, umeyatoa joto uliyoyaokoa.

Wali uchemke dakika tano, ukae kapuni saa moja. Tia maji pungufu kidogo ya kawaida yako, kwa sababu kapuni hayapungui kwa mvuke. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo ichemke dakika 20, ikae kapuni saa tatu au nne. Watu wa nchi za juu waongeze muda wa kuchemsha. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini katika Nairobi huchemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi zaidi. Maji yale huonekana kuchemka sawa, lakini hayana joto sawa.

Maharagwe yana sheria yake, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana tumeilipia sheria hii. Mara ya kwanza tulipopata kapu, tulifurahi mno. Tuliloweka maharagwe mekundu, tukayapasha hata yakaanza kutoa povu, tukayatia kapuni tukaenda shamba. Jioni tulikuta yamelainika kidogo, yenye uvuguvugu, tukawapa watoto wale kwa kuwa walikuwa na njaa. Usiku ule haukuwa wa kulala. Mtoto mdogo alitapika tangu saa tatu hata alfajiri, macho yakamwingia ndani, nasi tulimbeba tukampeleka zahanati akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, akapona. Huko ndiko tulikoelezwa ya kwamba maharagwe mekundu yana sumu ya asili ndani yake, ambayo huvunjwa na kuchemka kwa nguvu tu. Na joto la uvuguvugu haliivunji.

Basi sheria ni hii. Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, uyaoshe, utie maji mapya. Yachemshe kwa nguvu, yakiruka ndani ya sufuria, robo saa hata dakika 20, wala kamwe si chini ya dakika 10. Ndipo uyatie kapuni, yakae saa nne au tano. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Na kwa chakula chochote, nyama au mboga au maharagwe, kikitoka kapuni kiwe cha moto hata huwezi kukitia kinywani mara moja. Kikiwa cha uvuguvugu tu, kichemshe tena. Usikiache kapuni tangu jioni hata asubuhi, maana kapu linalotunza joto hutunza pia vijidudu vya ugonjwa, joto likishuka.

Tangu siku ile tumepika kwa kapu miaka mingi, na hapana aliyeugua. Faida yake tumeiona katika tita la kuni. Maharagwe ambayo yalitaka moto wa saa mbili na nusu sasa hutaka moto wa nusu saa, pamoja na ule wa kuyapasha tena. Mke wa nyumba hii, ambaye zamani alikwenda kuni mara tatu kwa juma, sasa huenda mara mbili, wala hakuna mwenye kukaa na mtoto mgongoni katika moshi kuchochea moto asubuhi nzima. Moshi huo si kitu cha kudharau. Huharibu vifua vya akina mama na vya watoto wachanga. Tena mtoto atambaaye haungui kwa kapu, kama aunguavyo kwa sufuria iliyo juu ya mafiga.

VYUNGU VIWILI

La nne ni fupi. Katika nchi zenye joto kavu, mchicha uliochumwa asubuhi hunyauka kabla ya jioni, na nyanya huoza kwa siku chache. Dawa yake ni vyungu viwili vya udongo visivyotiwa rangi wala king'aza, kimoja kiingie ndani ya kingine, na kati yao ibaki nafasi ya vidole vitatu. Jaza nafasi hiyo mchanga safi, ulowanishe kwa maji yasiyo ya chumvi. Tia mboga ndani, ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Weka kivulini, pahali penye upepo, na kila asubuhi na jioni mwagia mchanga maji.

Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke, na kila yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka ndani. Ndiyo sababu mtungi wetu wa maji hutoa jasho na maji yake huwa baridi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza namna hii vijijini kwao, naye alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kazi hiyo.

Walakini hatutaki kuwadanganya watu wa pwani. Mahali ambapo hewa yenyewe imejaa maji, kama Mombasa au Unguja wakati wa masika, mvuke hautoki kwa wepesi, na vyungu hivi havipozi sana. Vinafaa zaidi Dodoma, Singida, Tabora, na nchi nyingine za ukavu. Wala visitumiwe kuwekea nyama au samaki. Baridi yake haitoshi.

MANENO YA KUAGANA

Mabibi na mabwana, msijaribu mambo haya yote kwa juma moja. Anzeni kwa kukata mti wa kitanda, maana unahitaji miezi ya kukauka. Wakati mti ukikauka, pakeni chokaa. Kapu laweza kushonwa kwa jioni mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena wahusisheni watoto. Kijana apime, apige hesabu ya kamba, aandike muda wa kapu ukutani kwa mkaa. Msichana na mvulana wote wawili wajifunze kushona mto na kushika patasi; siku wakiwa na nyumba zao hawatamwangalia mwenye duka usoni kwa hofu.

Hatusemi ya kwamba dukani kusinunuliwe kitu. Fundi wa kweli astahili malipo yake, na viko vitu ambavyo mikono yetu haiviwezi. Twasema tu ya kwamba, kabla ya kutia sahihi kwenye daftari la deni, mtu azunguke nyumba yake mara moja atazame aliyo nayo: miti, makumbi, sufi, udongo, na watu wa nyumbani mwenyewe.

Yule mtoto wetu aliyelala mkekani sasa ni mtu mzima mwenye nyumba. Juzi tulimtembelea. Tulikuta matendegu manne mapya yameinuliwa juu ya mawe, kivulini, penye upepo. Tulimwuliza, "Haya yana muda gani?" Akatujibu, "Miezi miwili, baba. Bado miwili."

Kwaherini.